Plasta ya Najiat

Tulimzika sista Dafrosa Jumamosi, Urambo, kwenye shamba la baba yake, hatua chache kutoka bani la kukaushia tumbaku. Kwaya ya Moravian iliimba nyimbo nne, kisha mzee wa kanisa akasoma wasifu wa marehemu. Ulieleza alikosoma na alikofanya kazi, na kwamba aliongoza kazi ya kuhamisha kumbukumbu za wagonjwa kutoka kwenye makaratasi kwenda kwenye kompyuta. Ulisema mwaka jana alihamishiwa zahanati ya huko Bukene. Haukusema kwa nini.

Tuliojua sababu tulikuwa watatu pale kaburini: daktari Sabiri, ambaye ni mganga mfawidhi wa hospitali yetu, muuguzi Wilbroad, na mimi. Na mimi nilikuwa najua jambo moja ambalo wenzangu hawakulijua.

Jina langu ni Pelagia. Ni mhudumu wa wodi ya wazazi katika hospitali moja ndogo iliyo kando ya reli, kati ya Tabora na Urambo. Nadeki, nafua, nabeba ndoo, nampeleka mama chooni akiwa hawezi kwenda mwenyewe. Niliishia kidato cha nne. Kuandika si kazi yangu, lakini nimeona nisipoandika nitaanza kusahau baadhi ya mambo, nami najijua, nitaanza kusahau yale yanayoniuma.

Vishikwambi vilipoletwa wodini kwetu vilikuwa viwili. Sista Dafrosa alikuwa ametoka kusomea mambo hayo Dar es Salaam, akapewa cheo cha muuguzi kiongozi wa mfumo. Mfumo ndilo jina tulilozoea, la kompyuta zote zile na vishikwambi vyake. Wauguzi wakamwita Mama Mfumo.

"Mama Mfumo, shikamoo. Mfumo umeamkaje leo?"

"Marahaba. Umeamka na mafua. Msiuguse mpaka nimeunywesha dawa."

Alikuwa mtu wa kucheka, lakini kazini alikuwa na msimamo. Alikaa na kila muuguzi mmoja mmoja, hata wale wazee waliokuwa wakishika kishikwambi kama sufuria ya moto. Sista Kabula, aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, alimwambia, "Mwanangu, mimi niache na kalamu yangu nife nayo." Dafrosa hakumwacha. Alikuwa anamfuata wakati wa chai, anakaa naye benchini, anamwonyesha kubonyeza jina la mgonjwa, anarudia tena kesho. Baada ya miezi miwili Sista Kabula alikuwa anawasahihisha wengine.

Kitu kimoja kilimshinda. Kilikuwa plasta.

Wauguzi wetu wana desturi ambayo nimeikuta na sijui ilianza lini. Akianza zamu, muuguzi anakata kipande cha plasta, ile nyeupe ya kubandikia bandeji, anakibandika kwenye gauni lake juu ya paja. Akitoa dawa, anainama na kuandika kwa kalamu pale pajani: kitanda namba fulani, dawa fulani, saa fulani. Mikono ikipata nafasi mwisho wa zamu, ndipo anakaa na kuhamisha yote kwenye daftari, na baadaye kwenye mfumo. Akiondoka kwa haraka, anabandua plasta na kuibandika kwenye meza ya wauguzi ili anayeingia aisome.

"Mgonjwa hasomeki pajani kwako," Dafrosa aliwaambia. "Ukitoa dawa, andika hapo hapo kitandani. Mfumo unataka saa mbili: saa jambo lilipotokea na saa ulipoliandika. Mkiziweka mbali, katikati mtu anaweza kufa."

"Sista, vishikwambi viwili, vitanda ishirini na nne," Najiat alimjibu. "Nikate kimoja vipande?"

Wote walicheka, hata Dafrosa. Najiat alikuwa muuguzi kijana, binti wa mjini Tabora, mwepesi wa mdomo na mwepesi zaidi wa mikono. Akina mama walimpenda.

Dafrosa alijua pia kwamba umeme wetu si wa kuaminika. Kwa hiyo alihakikisha daftari jekundu la zamani linabaki mezani, na ukutani akabandika karatasi aliyoiandika kwa mkono wake: MFUMO UKILALA, DAFTARI LINAAMKA. Kila Jumatatu alikuwa anawauliza, umeme ukikatika mnafanya nini, nao wanajibu kama watoto wa darasa la kwanza.

Kisha tukaambiwa wageni wanakuja kutoka mkoani. Hospitali yetu ilikuwa imetajwa kuwa mfano, wodi isiyotumia karatasi. Daktari Sabiri alifurahi sana. Jumatano, siku moja kabla ya wageni, alipita wodini na kulinyooshea daftari kidole.

"Dafrosa, hili dude likikaa hapa tutawaambiaje watu kwamba hatutumii karatasi?"

Nilikuwa napanga mashuka kabatini. Nilimwona Dafrosa akiliangalia daftari, akiiangalia ile karatasi ya ukutani, kisha akacheka kidogo.

"Ni siku mbili tu, daktari. Nitaliweka stoo."

Alilibeba mwenyewe, akabandua na ile karatasi, akaenda kulifungia. Ufunguo akautia mfukoni. Nadhani alitamani sana kuonekana amefaulu. Alikuwa amehangaika miaka miwili, na hakuna aliyewahi kuja kutoka mbali kumtazama.

Wageni walikuja Alhamisi, wakapiga picha, wakaondoka. Ijumaa umeme ukakatika saa tano asubuhi.

Jenereta ilikuwa inatosha chumba cha upasuaji tu. Kishikwambi kimoja kilizimika. Cha pili Dafrosa alikipeleka kule upasuaji kikachajiwe, na akiwa kule akaitwa kusaidia, kwani mama wa operesheni alikuwa na hali mbaya. Wodini alibaki Najiat peke yake na mimi.

Kitanda cha sita alikuwapo Tunu, mke wa Mabruki fundi baiskeli. Alikuwa amejifungua salama jana yake, mtoto wa kike. Asubuhi presha ilipanda, na muda mfupi kabla ya saa saba akashikwa na kifafa cha mimba, ambacho wakati mwingine huja hata baada ya kujifungua. Daktari Sabiri alikuwa amekwisha kuandika kwenye mfumo, kabla umeme haujakatika, kwamba akionyesha dalili apewe dawa ya kuzuia degedege. Dozi ya kwanza ya dawa hiyo ni kubwa, na hutolewa mara moja tu. Najiat alimpa saa saba na dakika kumi. Nilimshika Tunu miguu wakati anachomwa. Najiat akainama, akaandika pajani.

Hatujakaa sawa, mama wa kitanda cha kumi na moja akaanza kuvuja damu. Ilikuwa nyingi. Ikaamuliwa apelekwe Tabora kwa ambulensi, na lazima muuguzi amsindikize. Gauni la Najiat lilikuwa limelowa damu kuanzia kifuani. Alilivua pale pale nyuma ya pazia, akavaa jingine, akanirushia lile la damu. Simu yake ilikuwa imeisha chaji tangu asubuhi. Alipokuwa anapanda gari aligeuka.

"Dada Pelagia! Plasta ya kwenye gauni, ibandike mezani! Wilbroad aione!"

"Sawa," nilisema.

Nilisema sawa. Nilimsikia vizuri kabisa. Ilikuwa saa saba na nusu na dakika tano, najua kwa sababu niliangalia saa ya ukutani nikifikiria kwamba sijala.

Sakafu ilikuwa imejaa damu na kulikuwa na akina mama wanaotaka kupita. Nililitumbukiza gauni kwenye ndoo ya jiki, kama tunavyofanya na nguo yoyote ya damu, nikachukua dekio. Nikadeki. Nikabadilisha mashuka ya kitanda cha kumi na moja. Nikapeleka taka shimoni. Plasta ilinitoka kabisa kichwani.

Wilbroad aliingia zamu saa nane, akiwa na kile kishikwambi kilichochajiwa. Kilikuwa kimehifadhi maagizo ya asubuhi. Akasoma kitanda cha sita: dozi ya kwanza, haijatolewa. Mezani hakukuwa na daftari wala plasta. Tunu alikuwa amelala usingizi mzito, mama yake, bibi Mwanahawa, alikuwa nje akisubiri saa ya kuona wagonjwa. Mimi nilikuwa kwenye kamba za kuanikia. Wilbroad alimpa Tunu dozi saa nane na dakika ishirini, akabonyeza hapo hapo kitandani kama alivyofundishwa. Kati ya wote siku ile, yeye peke yake alifuata utaratibu.

Nilipolitoa gauni kwenye ndoo ili nilifue, plasta ilikuwa bado imeshikilia, nyeupe tupu. Jiki ilikuwa imekula wino wote. Nilisimama nayo mkononi. Nikajiambia Wilbroad lazima ameshaambiwa na mtu. Nikaitupa kwenye taka za kuchomwa. Sikuwa nimefika kwenye kamba niliposikia Wilbroad anaita daktari kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Tunu aliacha kupumua saa tisa na robo. Walimhangaikia zaidi ya nusu saa. Mtoto alikuwa kwenye kitanda kidogo pembeni, ananyonya ngumi.

Najiat alirudi asubuhi. Alipofika kitanda cha sita akakuta godoro limekunjwa. Dafrosa alikuwa pale, hakuwa amelala.

"Alipewa dozi ya kwanza saa nane na dakika ishirini," Dafrosa alisema. "Dakika hamsini na tano baadaye..."

"Saa nane?" Najiat alishika kichwa. "Sista, mimi nilimpa saa saba na dakika kumi. Nimeandika! Nilimwambia dada Pelagia abandike plasta mezani."

Wakanigeukia wote wawili.

"Sikusikia," nilisema. "Gari lilikuwa linanguruma."

Najiat aliniangalia. Alifungua mdomo, akaufunga. Nilikuwa na umri wa dada yake mkubwa, na labda hilo ndilo lililomzuia. Mimi nilikuwa nawaza kazi yangu na wanangu watatu, nikatazama ndoo.

Siku hiyo nilikuwa nadeki korido ya ofisi, mlango ulikuwa wazi.

"Kifafa cha mimba kinaua, Dafrosa," daktari Sabiri alikuwa anasema. "Kila mtu anajua hivyo. Mfumo unaonyesha dozi moja. Unataka nini tena?"

"Nataka uonyeshe mbili."

"Utaingizaje kitu ambacho hakikuingizwa?"

"Naweza, ni mimi pekee niliyepewa ruhusa hiyo. Kitaonekana kimeingizwa baadaye, na jina langu, na saa zote mbili."

"Na utaandika sababu gani? Kwamba umeme ulikatika?"

"Umeme hukatika kila wiki. Nitaandika daftari halikuwepo kwa sababu nililifungia stoo."

"Mimi ndiye niliyekuambia."

"Uliuliza tu, daktari. Aliyebeba ni mimi, na ufunguo huu hapa." Nilisikia kitu cha chuma kikigonga meza. "Nimewaimbisha hawa watoto kila Jumatatu. Siku walipolihitaji, nilikuwa nimelificha ili nipigwe picha."

"Watakuondoa."

"Najua."

"Basi fikiria, mama! Miaka miwili yote hii unaitupa?"

Dafrosa akasema polepole, "Nikiacha uongo mmoja humo ndani, kesho muuguzi atasoma nini akiamini?"

Aliandika siku ile ile. Jioni, kabla jua halijazama, aliniomba nimsindikize kwa Mabruki. Tulifuata ile barabara ya zamani ya misafara, inapita nyuma ya hospitali hadi mtaa wao. Mabruki alikuwa kwenye mkeka na wazee wa msikiti, baiskeli za wateja zimegeuzwa miguu juu ukutani, hakuna aliyezigusa. Dafrosa aliketi chini, akamweleza yote bila kupunguza. Mabruki alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo sista, mke wangu alichomwa mara mbili kwa sababu daftari lilikuwa stoo?"

"Ndiyo, kaka yangu. Na mimi ndiye niliyeliweka."

Mabruki alitikisa kichwa mara nyingi, kama mtu anayehesabu. "Basi," alisema. "Nimesikia." Ndani mtoto alikuwa analia, bibi Mwanahawa akimbembeleza. Nilikaa karibu na mlango na viatu vya watu. Nafasi ya kusema ilikuwepo. Ilikuwa kubwa kama ule ua. Sikusema.

Uchunguzi ulikuja. Dafrosa alivuliwa cheo na kuhamishwa. Najiat alipata barua iliyosema hakukabidhi zamu, akaachishwa kazi. Wilbroad alionywa tu. Mimi sikuulizwa chochote, kwa sababu wahudumu hatukuwa na majina kwenye mfumo. Kwa upande wa mfumo, siku ile sikuwepo kazini.

Siku Dafrosa anaondoka, alikuja kwenye chumba cha kufulia. Alikuwa na begi moja na maboksi mawili ya vitabu. Alinipa kikaratasi chenye jina langu na namba ya siri ya kuingilia.

"Pela, nimekufungulia jina. Na wahudumu wengine wote. Ni kazi yangu ya mwisho hapa. Anayemgusa mgonjwa lazima awe na pa kuandika."

"Sista, mimi niandike nini? Nimefua mashuka?"

"Hata hilo." Alinitazama kwa muda. Sijui kama alijua. Nimejiuliza mara nyingi sana, na sasa hakuna wa kumwuliza. "Siku ukiwa na la kuandika, andika. Usiangalie siku ngapi zimepita. Mfumo unapokea."

Kile kikaratasi nilikitia ndani ya Biblia, kikakaa humo mwaka mmoja na miezi mitatu. Mara mbili nilitaka kwenda Bukene kumwona. Ni treni mbili tu, unabadilisha Tabora. Mara ya kwanza mwanangu aliugua, mara ya pili nilifika kituoni na kurudi. Kisha Jumatano, siku tatu kabla ya mazishi, tukapigiwa simu kwamba amepata kiharusi akiwa anafundisha wauguzi wawili wa zahanati jinsi ya kupanga kadi za kliniki. Alikuwa na miaka arobaini na mbili.

Jumatatu baada ya mazishi nilimfuata Wilbroad. Sasa ndiye anayeshika nafasi ya Dafrosa, na amerudisha ile karatasi ukutani, kwa mwandiko wake mwenyewe. Daftari jekundu liko mezani, limefungwa kwa mnyororo.

"Dada Pelagia, karibu. Mashuka yamepungua tena?"

"Nataka kuingia kwenye mfumo," nilisema, nikampa kikaratasi.

Aliutambua mwandiko. Hakutania tena. Alinifungulia, akanionyesha pa kutafuta jina la Tunu, kisha akaona ninachoandika, akavuta kiti akakaa. Naandika polepole, kwa kidole kimoja. Niliandika kwamba muuguzi Najiat alinikabidhi ujumbe wa dozi kwa mdomo, kwamba nilimsikia na kumjibu sawa, kwamba nililoweka gauni kwenye jiki na plasta ikafutika, kwamba nilipoiona niliitupa. Kwamba baadaye nilidanganya.

"Ukibonyeza hapa hakifutiki," Wilbroad alisema. "Na mimi itabidi nikipeleke juu. Unajua hivyo?"

"Najua."

"Mimi nilimchoma, dada. Mwaka mzima nimejiuliza kwa nini sikumsubiri mtu yeyote aniambie."

Mfumo uliuliza saa ya tukio, nikaweka saa saba na dakika thelathini na tano, tarehe ya Ijumaa ile. Saa ya kuandika ukajiwekea wenyewe. Nilibonyeza.

Barua yangu ilikuja Alhamisi. Nimesimamishwa nikisubiri kikao, na wamesema faili la Najiat litaangaliwa upya, bila kuahidi. Ijumaa nilipanda basi kwenda Tabora. Najiat anauza kwenye duka la dawa karibu na soko, amekonda, kidole chake kimoja kina pete. Kulikuwa na watu watatu mbele yangu. Nilingoja zamu yangu.

"Shikamoo, dada Pelagia," alisema, bila kushangaa na bila kutabasamu. Ndivyo alivyolelewa.

"Marahaba. Najiat, nimeandika. Kwenye mfumo. Kwamba uliniambia nikakusikia."

Alikuwa ameshika mkasi na karatasi ya vidonge. Aliviweka chini.

"Sista Dafrosa alijua?"

"Sijui. Sikuwahi kumwambia."

Macho yake yalijaa, akayageuzia rafu. Nilidhani atanitukana, na ningeshukuru. Nyuma yangu mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alianza kukohoa kuonyesha amechoka kusubiri.

"Saa umeweka?" Najiat aliuliza.

"Zote mbili."

Aliitikia kwa kichwa. Kisha akachukua mkasi wake, akanyoosha shingo kumtazama yule mama aliyekuwa nyuma yangu, akamwuliza mtoto ana miezi mingapi.